Breki Haikuwa na Mwenyewe

Gari letu lilikuwa na wenyewe kumi na mmoja na dereva mmoja. Dereva nilikuwa mimi, na katika wale kumi na mmoja sikuwamo.

Niseme mapema kwamba sina kinyongo. Karibu wote wamekwisha kufa, na kumnunia marehemu ni kazi ya bure. Lakini nikisikia mtu akisifu jinsi mali ya ukoo ilivyotunzwa zamani, natafuta kofia yangu naondoka, maana nikikaa nitasema.

Kuendesha nilijifunza jeshini wakati wa vita. Nilirudi nyumbani Kerende na koti zito la sufu, leseni, na tabia moja ambayo ndugu zangu waliiona kama ugonjwa. Kabla ya kuwasha gari la mtu yeyote nililizunguka kwanza. Nilitazama tairi, nikachungulia chini kama kuna kinachovuja, nikapima oili na maji, nikakanyaga breki mara tatu. Sajenti wetu alitufundisha hayo kwa fimbo, na kitu ulichofundishwa kwa fimbo hakitoki. Baba mdogo alikuwa akinitazama na kuuliza kama gari ni mchumba, mbona nalichunguza hivyo.

Leseni ilikaa sandukuni miaka kadhaa kwa kukosa gari. Halafu, miaka ya hamsini ilipoanza, mfanyabiashara mmoja wa Mugumu akataka kuuza pikapu yake kuukuu, na ukoo ukakubaliana kutoa ng'ombe. Kila mji ulitoa wake. Baba yangu alikuwa amefariki, kwa hiyo upande wetu alisimama baba mkubwa, na ng'ombe wetu akahesabika wake. Siku hiyo Babu alisema maneno mazuri. Alisema gari likija, wake zetu watafika hospitali ya misheni kule upande wa ziwa kabla uchungu haujawazidi. Aliyasema akinitazama mimi, kwa sababu mke wangu alikuwa amepoteza mtoto wetu wa kwanza, nyumbani, miezi mitatu tu nyuma. Nilitokwa na machozi nikasingizia moshi.

Gari likaja. Nikalizunguka kama kawaida yangu, nikaona ni zee lakini lina roho. Nilidhani kilichobaki ni kuliwasha. Kumbe kilichobaki ni kuligawa.

Kwetu ng'ombe wa ukoo akichinjwa hakuna anayeuliza apewe nini. Kila kiungo kina mtu wake. Mkubwa ana chake, mjomba ana chake hata kama anatoka mbali, na matumbo ni ya wanawake, mwanamume hayagusi. Utaratibu huo umezuia ugomvi mwingi. Sasa wazee walikaa wakaona hivi: gari limenunuliwa kwa ng'ombe, basi gari ni ng'ombe. Na ng'ombe wa watu wengi asipogawanywa huleta mapanga.

Babu akapewa kichwa, yaani injini pamoja na boneti yake. Baba mkubwa akapewa kiti cha mbele na usukani, hivyo mimi nikawa naendesha kwa usukani wa kuazima. Baba mdogo akapewa taa mbili na honi, ile ya mpira ya kubinya, iliyofungwa nje ya mlango. Mjomba, ndugu wa mama, aliyekuja kwa miguu kutoka Natta, akapewa gurudumu la nyuma la kulia. Waliobaki wakagawana magurudumu mengine, milango, na bodi. Mmoja alipewa kioo cha kutazamia nyuma, akakichukua siku ileile akaenda kunyolea ndevu.

Mama yangu alichungulia kutoka jikoni. "Na sisi wanawake?"

"Gari halina matumbo," baba mkubwa akamjibu. Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akarudi kwenye chungu chake.

Ikatolewa amri moja: kila mwenye kiungo atunze kiungo chake, asiguse cha mwenzake. Hapo nikanyoosha mkono, kosa langu la kwanza.

"Na breki, tata?" nikamwuliza baba mkubwa. Tata ndivyo tunavyomwita baba.

"Ziko wapi? Tuonyeshe."

Nikaingia chini ya gari, nikawaonyesha kile kibomba chembamba kinachopeleka mafuta kwenye magurudumu. Wazee wote wakainama pamoja, magoti yakilia. Walikitazama kwa muda, wakainuka wakijipangusa.

"Mura," baba mkubwa akasema, na mzee akikuita mura, yaani kijana, ujue umekwisha kushindwa, "mtu mzima umpe kitu kama hicho? Atukanwe kwa watu?"

Hivyo ndivyo breki ilivyokosa mwenyewe.

Sasa sikiliza matunzo. Babu aliipenda injini yake kwa dhati. Hakuna boneti kufunguliwa bila yeye, na asubuhi yeye huota jua mpaka saa nne. Gari lilimngoja. Alipokuja, mimi nilitoa kijiti cha kupimia oili, yeye akakishika, akakinusa, akatangaza kwamba injini imeshiba. Oili ilikuwa nyeusi kama lami. Baba mdogo alizing'arisha taa zake kwa jivu kila siku mpaka zikapoteza mwanga, lakini zilimetameta mchana vizuri sana. Aliyekuwa na gurudumu la mbele alilipaka samli, kwa sababu samli hulainisha kila kitu. Mbwa wa kijiji kizima wakawa wanalilamba, na mwenyewe akafurahi kwamba gurudumu lake linapendwa kuliko mengine.

Kilichokosa mwenyewe kilipata wenyewe wengi, kila mmoja kwa siku yake. Waya wa breki ya mkono ulikatwa wiki ya tatu, akafungiwa fahali. Nilipolalamika niliulizwa waya ule ulikuwa wa nani. Ulikuwa wa nani kweli?

Ilipofika mwezi wa sita, mjomba alisikia kwamba gari limebeba ngozi za watu hadi Tarime na hakuitwa. Gurudumu lake limekwenda safari bila yeye! Akaja kutoka Natta, akavuka Mto Mara kwa hasira, akaweka jiwe chini ya ekseli, akafungua nati zote za gurudumu lake, akazitia mfukoni, akarudi kwao. Hakuiba. Nati zilikuwa zake. Gari likakaa juu ya jiwe.

Wiki hiyohiyo mke wangu alipata uchungu wa mtoto wetu wa pili, kabla ya wakati. Wazee walisema tumngoje mjomba. Mimi na vijana wengine tukafunga machela tukambeba kuelekea misheni. Hatukufika hata nusu ya njia. Mtoto alizaliwa chini ya mti, akapumua kidogo, akaacha. Alikuwa wa kiume. Tulimzika tulipokuwa, tukarudi na mama yake.

Nilikwenda Natta kwa miguu kuzifuata zile nati. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia mjomba, maneno mazito, njia nzima nikiyapanga. Nilipofika alinikaribisha vizuri, nikamwambia, "Shikamoo mjomba," nikapewa maziwa, nikapewa nati, nikarudi. Mpaka leo nikikumbuka ile shikamoo najisikia vibaya.

Mwaka uliofuata mke wangu akawa mjamzito tena. Daktari wa misheni alipita kijijini akaniambia huyu aje mapema, kabla ya mwezi wake, asingoje uchungu. Na wakati huohuo breki ilianza kufa. Nilikuwa nikiikanyaga, inashuka taratibu mpaka sakafuni, kama mtu anayekubali jambo asilonuia kulifanya. Chini ya gari kukawa na alama ya unyevu kila asubuhi. Nikawaita wazee, nikawaeleza: kibomba kinavuja, fundi wa Tarime anaweza kukitengeneza kwa siku moja, na mimi nina mke wa kupeleka.

Walinisikiliza kwa heshima. Kisha wakauliza nani atoe mbuzi wa kumlipa fundi. Babu alisema kichwa chake kizima. Baba mdogo alisema taa zake zaonekana toka ng'ambo ya mto. Haikufaa mtu atoe mbuzi kwa ajili ya kiungo kisicho chake, maana ataonekana anakinyemelea.

"Basi nitatoa mimi," nikasema.

Baba mkubwa alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyemkamata mwizi mdogo.

"Ukiingiza ndama wako kwenye zizi la mwenzio, mura, kesho utadai zizi."

Nilijaribu ujanja. Dereva mmoja wa mgodi kule Nyamongo alinipa nusu kopo la mafuta ya breki, nikawa naongeza kidogo kidogo kwa siri, kama mtu anayemlisha mgonjwa aliyekatazwa chakula. Baba mdogo akaniona. Kikao kikaitwa, nikashtakiwa kwa kutia changu katika mali ya ukoo, kopo likachukuliwa likapelekwa kwa Babu. Aliyapaka kwenye viatu vyake. Rangi yote ikababuka, akasema sasa ameona sumu niliyokuwa naitia kwenye gari.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Wasemao hivyo hawajaona ufa usio na mwenyewe.

Sasa naomba nikiri. Nilijua breki ni mbovu, na siku ilipofika niliwasha gari. Hili si la Babu wala la baba mkubwa. Dereva ndiye anayejua, na anayejua akiondoka, kosa ni lake. Nilijiambia nitakwenda polepole, kwa gia ndogo, na mteremko wa kuingia Tarime nitaushuka kwa gia ya kwanza. Niliogopa machela kuliko mteremko. Hiyo ndiyo sababu yangu, na si nzuri.

Nilipanga tuwe watatu: mimi, mama na mke wangu. Lakini habari ya safari ilikuwa imeenea, na baada ya ile kesi ya ngozi hakuna aliyetaka kiungo chake kisafiri peke yake. Alfajiri niliwakuta wote wamekwisha kufika, na mjomba amelala kwetu tangu jana. Baba mkubwa akaketi kwenye kiti chake cha mbele. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawaketi pamoja kwetu, ni aibu kubwa, kwa hiyo mwenye mimba akapanda nyuma juu ya magunia, na mama akamshika. Babu alipewa nafasi karibu na dirisha la nyuma ili aisikilize injini yake. Baba mdogo alisimama nje kwenye kibao cha mlango, honi mkononi. Wengine walijaa bodi, kila mmoja upande wa gurudumu lake. Gari lilichuchumaa.

Nilizunguka gari. Nilikanyaga breki mara tatu. Mara ya tatu haikurudi vizuri. Nikaingia.

Kupanda milima tulikwenda salama, injini ya Babu ikinguruma na yeye akiitikia. Kule juu migomba imejaa kandokando ya njia, na watoto walitukimbilia kwa sababu baba mdogo hakuacha honi hata dakika moja. Tukafika kilele. Nikatia gia ya kwanza, nikaanza kushuka.

Kwa uzito ule, gia ikachomoka. Mtu aliyewahi kushika gari zee anaijua sauti ile. Nilijaribu kuirudisha, ikakataa kwa kelele. Nikakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka sakafuni bila kukutana na mtu.

Gari likashika mbio. Baba mkubwa alishika usukani wake, nami nimeushika.

"Uachie, tata!"

"Ni wangu!"

Nyuma kulikuwa na makelele ambayo sikutegemea kuyasikia duniani. "Gurudumu langu! Angalia jiwe, gurudumu langu!" "Mlango wangu unafunguka!" Babu alikuwa akipiga dirisha kwa fimbo akisema nizime kichwa. Baba mdogo hakukimbia, namsifu kwa hilo. Aliendelea kubinya honi. Ndipo baba mkubwa akaniambia, usoni hana damu, "Mura, kanyaga breki!"

Nikamjibu neno ambalo kwa wakati mwingine lingenitoa kwenye ukoo: "Nikanyage ya nani?"

Aliuachia usukani. Nikaona upande wa kulia shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, limeinuka kidogo, nikaliingiza gari humo. Mabua yakapiga kioo, tukaruka mtaro, tukapanda, tukapungua mwendo, tukapanda, tukaegemea kichuguu. Gari likatulia. Honi ililia mara moja tena, kisha nayo ikanyamaza.

Nilibaki nimeshika usukani. Kupitia dirisha la mlango niliwaona wazee wangu wakishuka mmoja mmoja, hakuna aliyevunjika, na kila mmoja akaenda moja kwa moja kwenye kiungo chake. Mjomba alilipapasa gurudumu lake. Mwenye mlango alifungua na kufunga. Babu aliomba boneti. Baba mdogo alifuta taa kwa kanzu. Wakatangaziana habari njema: kichwa kizima, taa nzima, gurudumu zima.

Nikashuka, nikaenda nyuma kwa kujishikilia kwenye bodi. Mke wangu alikuwa amelala ubavu juu ya magunia, mama amemlalia juu kwa mwili wake wote. Uso wa mama ulikuwa unatoka damu kwenye nyusi. Mke wangu alifungua macho, akachukua mkono wangu akauweka tumboni, pembeni, pale chini ya mbavu. Nikangoja. Kitu kikanipiga teke kiganjani.

Mama alishuka. Alifunga kitambaa kichwani kuzuia damu, akapiga magoti, akachungulia chini ya gari ambako mafuta yalikuwa yanadondoka kwenye mabua.

"Kinachovuja ni nini?"

"Ndiyo breki," nikasema.

"Ya nani?"

"Haina mwenyewe, mama."

Aliingia chini kabisa, miguu tu ikabaki nje. Wazee waligeuka kutazama kando kwa haya. Tulimsikia akikifuata kile kibomba kwa mkono, kutoka mbele hadi nyuma, kinavyojikunja na kupinda tumboni mwa gari. Akatoka, vumbi mpaka kwenye meno.

"Baba mkubwa wa mtoto wangu," akasema, kwa adabu zote, "mlituambia gari halina matumbo. Nimeyaona. Haya hapa chini ni matumbo, na matumbo ni ya wanawake tangu kale. Tunayachukua."

Hakuna aliyempinga. Wangempinga vipi? Sheria ilikuwa yao. Mjomba alitaka kusema jambo, mama akamtazama tu, naye akaangalia gurudumu.

Wanawake wawili walishuka kwa miguu mpaka Tarime, polepole, wakipumzika kivulini, na wanaume kumi na mmoja wakalishusha gari kwa kamba, wakilivuta kwa nyuma kama ng'ombe mkaidi. Mama alimlipa fundi kwa kuku wawili na kibuyu cha samli alivyokuwa anawapelekea watu wa misheni. Fundi alibadilisha kibomba na mipira ya ndani, akaunganisha na waya mpya wa breki ya mkono, akatia mafuta. Kisha mama akamwamuru amfundishe. Alikaa kwenye kiti cha dereva, mwanamke wa kwanza niliyemwona hapo, akakanyaga mara tatu. "Inarudi," akasema. Wazee waliambiwa wabaki Tarime. Gari lilifika misheni jioni ileile likiwa na watu watatu.

Mtoto alizaliwa baada ya siku tisa. Wa kike, mwenye sauti.

Tulipomrudisha nyumbani ukoo wote ulikuja kumwona. Walikaa uani, mtoto akapitishwa mikononi, na kazi ikaanza. Babu alisema paji la uso ni lake, mtu asibishe. Mjomba alisema masikio yale ni ya Natta kabisa. Baba mdogo akachukua sauti. Baba mkubwa aliitazama pua kwa muda mrefu, akaikubali. Watu walicheka, nami nilicheka, kwa sababu ilikuwa furaha ya kweli.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango. Hakuwa amewahi kusema mbele ya wakwe zake, hata neno moja, na wala siku hiyo hakuinua uso.

"Na wale wawili wa kwanza," akauliza, "walikuwa wa nani?"

Mjomba aliyekuwa amemshika mtoto alimrudisha kwa mama yake, taratibu sana. Babu aliinuka, akaenda kwenye gari, akafungua boneti, akasimama hapo akiitazama injini iliyozimwa.

Nikasema walikuwa wangu. Sauti ilinitoka ndogo, kwa hiyo nikarudia. Mbele ya ukoo sikuwa nimewahi kudai kitu.